Sikio la Machela

Mashine yetu iliwapita majeruhi wote wa jeshi ikaenda kwa mpishi.

Majeruhi wenyewe walikuwa wa kuigiza, lakini walikuwa wameigiza kwa bidii. Askari walitapakaa kwenye nyasi za uwanja wa majaribio wa Mihingo, wamejipaka rangi nyekundu, wanapiga kelele "Nakufa! Nakufa jamani!" kwa sauti za watu walioshiba uji. Machela yetu ilitakiwa kumsikia mmoja wao, imwendee, ishushe kitanda, imbebe na kumrudisha mbele ya waamuzi. Badala yake ilitembea kwa miguu yake minne katikati yao bila kugeuka, ikakata kona nyuma ya hema la jikoni, ikapiga magoti mbele ya mpishi aliyekuwa amekaa juu ya gunia akichambua mchele. Ikashusha kitanda. Ikamsubiri.

Waamuzi walicheka mpaka mmoja akavua miwani kufuta machozi.

"Injinia Nyabise!" aliniita Zuheri Mbaruku, mwenye kampuni iliyokuwa ikishindana nasi. "Mashine yako imesikia njaa!"

Masatu, mbia wangu, ambaye kila kiungo cha chuma katika machela ile alikichomelea kwa mkono wake, alinikazia macho. Tulikuwa tumetoka Musoma na mashine tatu, na karakana nzima tulikuwa tumeiweka rehani kwa ajili ya shindano hili. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kanali Domitila Ruhinda ndiye peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa mkuu wa shindano, mwanamke mwembamba mwenye tabia ya kusimama karibu mno na mtu. Alikwenda jikoni, akamtazama mpishi.

"Una nini?"

"Sina kitu, afande."

"Simama."

Mpishi alijaribu. Alifika nusu, uso ukambadilika rangi, akarudi juu ya gunia. Daktari wa kambi alimminya ubavuni, na mpishi akatoa sauti ndogo puani, mguno wa mtu anayeimba wimbo asioujua. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye lori la maji akaficha, maana mpishi mgonjwa hurudishwa nyumbani, na nyumbani hapakuwa na mshahara.

Kanali aligeuka kwangu. "Wale kule wanapiga kelele. Kwa nini imewaacha?"

"Kwa sababu hawaumwi, afande."

Hapo kicheko kilikatika.

Ukweli ni kwamba lile lilikuwa kosa letu, ila kosa lenye bahati. Shindano lenyewe watu waliliita Shindano la Ng'ombe Mmoja. Jeshi la Muungano wa Maziwa lilikuwa limechoka kununua silaha za ng'ambo kwa bei za kufuru, likaweka zawadi kwa kampuni yoyote ya hapa itakayotengeneza kifaa cha vita kisichozidi bei ya ng'ombe. Na hawakutania. Kila duru mkuu wa stoo alitumwa mnadani kuuliza bei ya fahali, na bei hiyo ndiyo ikawa kikomo chetu. Mvua ikinyesha ng'ombe hupanda bei, nasi tunapumua. Kiangazi kikikaza, tunang'oa skrubu.

Kwa bei ya ng'ombe hununui kamera ya kuona joto la mwili. Unanunua vinasa sauti vidogo vinane, unavipanga mviringo kwenye kichwa cha mashine, unavifundisha kusikia mtu anayeumia. Kampuni nyingine zilinunua sauti za waigizaji. Sisi hatukuwa na hela hiyo. Tulikwenda kwa Mjomba Kasika, mfunga mifupa, ambaye ua wake haukosi watu waliodondoka na pikipiki, kwenye miembe, au juu ya mapaa ya wake za watu. Tukatega vinasa sauti msimu mzima.

Tulichosahau ni mwiko wa pale. Kwa Mjomba Kasika hakuna kulia. Yeye husema ukipiga kelele mfupa unakimbia, na anayepiga kelele hufukuzwa mguu ukiwa bado umepinda. Kwa hiyo watu huguna. Wazee huguna, wanawake huguna, majambazi huguna, kila mmoja na mguno wake wa puani. Mashine yetu ikakua ikiamini kwamba binadamu anayeumia ndivyo alivyo, na mwenye kupayuka ni mzima wa afya.

Ilikuwa imekosea, na bado ilikuwa imepatia. Aliyejeruhiwa vitani na adui yuko hatua chache hapayuki. Anaung'ata ukosi wa shati na kuguna.

Kila mtu pale uani nilimwomba ruhusa kabla ya kumrekodi. Wote waliuliza sauti yao ni ya kazi gani, na wote niliwajibu hivyo hivyo: "Sauti yako itamwokota mtu." Bibi mmoja aliyevunjika nyonga aliniangalia muda mrefu, akasema, "Basi mwanangu, washa."

*

Tuliingia fainali. Kaka yangu Magesa alipata habari kabla hata sijamtafuta, akapiga simu kutoka mstari wa mbele, kwenye Mto Luhaga, ambako jeshi letu na watu wa Kanda Huru walikuwa wakitazamana tangu mwaka uliopita bila yeyote kusogea.

"Dada, huku wanaiita machela ya Nyabise," alisema. "Wanadhani mimi ndiye nitaigawa. Jana sajini kaniletea sigara."

"Huvuti sigara."

"Nimezipokea. Dada, sikiliza. Huku nyasi zinakupita kichwa. Mtu akipigwa kule katikati, tunamsikia lakini hatumwoni, na anayekwenda kumtafuta anapigwa naye. Fanyeni haraka."

Kaka yangu hana desturi ya kusema fanyeni haraka. Hata siku nyumba ya baba ilipoungua, yeye ndiye aliyetuambia tutulie. Tangu simu ile sikukaa kitako. Nilikuwa nakunywa chai nimesimama, naanza sentensi na kuziacha, namkemea Masatu kwa nati ambazo tayari alikuwa amezikaza.

Kisha Kanali akatuita mimi na Zuheri pamoja.

Zuheri alikuwa ametengeneza Nyigu, kidude kinachoruka, ukubwa wa sahani, kilichobeba bomu dogo tumboni. Kwa bei ya ng'ombe mmoja ungepata Nyigu wanne. Urahisi wake ulitokana na upofu wake. Kwenye uwanja wa wazi alimwona mtu vizuri, ila kwenye nyasi ndefu alikuwa kama kuku jioni.

"Fainali mtashirikiana," Kanali alisema. "Machela yako inasikia vizuri, injinia, lakini inatembea polepole. Nyigu ana kasi lakini haoni. Mpe Nyigu sikio. Ataruka mbele, atamtafuta majeruhi, ataangusha mfuko wa unga kuweka alama. Machela itafuata unga."

Nilifurahi, sitadanganya. Lilikuwa wazo zuri kuliko yangu yote. Nikamwazia Magesa kwenye nyasi, na kijidude kinachomfikia kabla ya mashine.

Kazi haikuwa rahisi. Sikio la machela lilizoea utulivu wa chini, na mapangaboi ya Nyigu yalivuma kiasi cha kuufunika mguno wowote. Kulihamisha lilivyo kusingesaidia kitu. Ilibidi nirudi kwenye sauti zenyewe za uani kwa Mjomba Kasika, nizichanganye na uvumaji wa mapangaboi, nilifundishe sikio jipya tangu mwanzo. Nilizisikiliza upya moja moja. Ya bibi wa nyonga. Ya dereva wa bodaboda aliyekuwa akiguna wimbo wa harusi. Ya Masatu mwenyewe, siku alipofungwa kifundo cha mkono, ambaye katikati ya mguno alisikika akinitukana.

Sikio likawaka. Nikalifunga kwa skrubu nne kwenye kichwa cha Nyigu, Zuheri akanipa mkono.

"Tukishinda nakununulia gari," alisema.

"Ninunulie kimya," nilimjibu.

*

Siku ya fainali hawakuja waigizaji. Lilikuja lori la jeshi, na ndani yake walikuwemo mateka wa Kanda Huru wenye bandeji.

"Sikio lako halidanganyiki," Kanali alisema kabla sijauliza. "Nimetafuta majeruhi wa kweli. Wametibiwa. Wakimaliza watakunywa chai."

"Hawa ni wagonjwa, afande."

"Na huo ni unga wa dona, injinia. Haujamuua mtu."

Askari waliwasaidia kushuka, wakawalaza mbali mbali kwenye nyasi ndefu. Mmoja, mwanamume mwenye mvi chache kidevuni na paja lililofungwa, alinikamata mkono nilipopita. Nilishtuka kwa sababu alizungumza kama watu wa kwetu kabisa.

"Dada, hicho kitu kitatufanya nini?"

"Kitakutafuta tu," nilisema. "Kikikuona kitaangusha unga. Halafu ile mashine kule itakuja ikubebe ikurudishe."

"Inibebe hivi hivi? Bila kuuliza?"

"Bila kuuliza."

Akaniachia mkono. "Sawa, dada. Kama ni wewe umeitengeneza."

Nyigu aliruka. Alizunguka juu ya nyasi mara moja, akasita, akashuka kama kipanga. Unga ukafumka. Akarudi kwa Zuheri kuwekewa mfuko mwingine, akaruka tena, akashuka tena. Hakumkosa hata mmoja. Waamuzi walikuwa wamesimama, Zuheri anaruka kama mtoto.

"Kifuani!" alipiga kelele. "Mnaona? Kila mmoja kifuani!"

Nilikuwa napiga makofi na wenzangu, mikono ikaniishia hewani. Alama ya kumwonyesha mgonjwa huwekwa kando yake. Hata mtoto akitumwa kuweka kijiti mahali kuku alipotagia, hakiweki juu ya yai. Kwa nini kifuani?

Niliachia machela. Ilianza kutembea, polepole, ikifuata unga. Nikageuka kuwatazama waamuzi, na hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wanaondoka. Walikuwa wameshafunga mafaili yao, wanapeana mikono na Zuheri, wanaelekea kwenye hema la chakula. Machela haikuwa imemfikia hata mtu wa kwanza, na hakuna aliyebaki kuitazama isipokuwa mimi na Masatu.

Nilikimbia kwenye nyasi. Yule mwenye mvi alikuwa mweupe kuanzia kidevu hadi tumboni, anakohoa. Nilifungua mtandio wangu nikaanza kumpangusa macho.

"Dada," alisema, "na kama usingekuwa unga?"

Nilimpangusa tu, kila nikipangusa unga unazidi kuenea, mpaka machela ikafika, ikapiga magoti kando yetu na kushusha kitanda.

*

Kanali hakuzungukazunguka. Nyigu alikuwa mezani kwake, unga bado umemganda miguuni.

"Majeruhi hupona," alisema. "Akipona anarudi na bunduki. Kwenye zile nyasi za Luhaga wamejificha watu wao wengi ambao hatuwaoni, wanasubiri giza wavutwe nyuma, watibiwe, warudi. Mimi ndiye ninayewaandikia barua mama za vijana wetu wanaouawa na hao waliorudi. Unataka nikuonyeshe barua hizo?"

"Hapana, afande."

"Vizuri. Machela mia tatu zitakwenda kwa watu wetu. Sikio la Nyigu litakwenda upande wa pili wa mto. Mkataba ni mmoja, unasainiwa wote au hausainiwi. Niliomba machela peke yake, sikupewa. Hazina hainunui huruma, injinia. Inanunua ushindi, halafu huruma inapanda lori hilo hilo."

"Na wao wakimnasa Nyigu mmoja? Watakuwa na sikio hilo hilo kwa ajili ya wetu."

"Kufika hapo tutakuwa tumeshamaliza vita." Alinisogelea, karibu mno kama kawaida yake. "Najua kaka yako yuko Luhaga. Sikutishi. Nakukumbusha machela inakwenda kwa nani."

Niliomba dakika chache. Nje, Masatu alikuwa anatembea huku na huku kama mtu anayesubiri mke ajifungue. Nilimweleza yote. Alisikiliza, akapangusa uso kwa kiganja.

"Tusaini, dada."

"Masatu!"

"Usinipigie kelele. Mia tatu, Nyabise. Mia tatu! Tusiposaini sisi, atasaini mwingine."

"Mwingine hana hizi sauti."

"Atazitafuta."

"Basi aende akazitafute. Aende uani kwa Mjomba Kasika, akae na yule bibi wa nyonga, amwambie kwamba mguno wake utakuwa unatangulia mbele ya bomu. Akimwambia hivyo, bibi akasema washa, mimi nitanyamaza. Wewe ulipokuwa unafungwa mkono pale, nilikuambia sauti yako ya nini?"

Alikitazama kifundo cha mkono wake. "Ulisema itamwokota mtu."

"Na yule mwenye mvi nimemwambia nini leo?"

Masatu alikaa chini kwenye vumbi, yeye ambaye huwa hakai chini hata msibani. Baada ya muda akauliza kwa sauti ndogo, "Na Magesa?"

Hapo ndipo ilipouma. Ningeweza kubishana na Kanali mpaka kesho, na Hazina, na Muungano mzima. Kwa Magesa sikuwa na hoja. Alikuwa kwenye nyasi zinazompita kichwa, na mimi nilikuwa na kalamu. Nilimpenda kaka yangu kuliko hao watu wa ng'ambo ya mto wote kwa pamoja, na niliona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nikiwaza, na niliendelea kuwaza vivyo hivyo.

Nilirudi ndani. Sikukaa. Nilitoa bisibisi mfukoni, nikamgeuza Nyigu chali mezani, nikaanza kufungua skrubu. Mlinzi alisogea. Kanali alimwinulia mkono.

"Mwache. Ni sheria tuliyoiandika wenyewe. Mpaka asaini, sikio ni lake."

Skrubu ya mwisho ilikuwa imeziba kwa unga. Niliifukua kwa ukucha.

"Tutatengeneza letu," Kanali alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Itachukua miezi, lakini tutatengeneza. Na miezi hiyo watu wetu watalala kwenye nyasi. Uwe unawakumbuka."

"Nitawakumbuka, afande."

Nililitia sikio mfukoni nikatoka. Zuheri alikuwa mlangoni. Alifungua mdomo atanie, akaniona, akaufunga.

*

Redio ilitangaza kwamba Nyigu ameshinda zawadi kuu, atanunuliwa kwa ajili ya viwanja vya wazi. Machela haikutajwa. Tulikuwa tunapakia mashine zetu tatu kwenye lori la kukodi, mimi na Masatu, hatusemeshani, simu ilipoita.

"Dada," alisema Magesa. "Machela zinakuja lini?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Niliyaacha yote.

"Haziji, Magesa. Nimekataa."

Nilimsikia akipumua. Nikamweleza, kwa haraka, vipande vipande: unga, kifua, mkataba mmoja. Hakunikatiza.

"Juzi tulimwacha Kibasa katikati," alisema nilipomaliza. "Yule aliyenifundisha kupika ugali wa mhogo. Aliguna mpaka asubuhi."

"Na wa ng'ambo walimsikia?"

"Walimsikia. Hakuna asiyesikia huku."

"Walimpiga?"

"Hapana." Alisita, kama mtu anayetoa siri ya nyumba ya wengine. "Hatupigi wanaoguna, dada. Hata wao hawapigi. Hakuna aliyetuamuru. Ilianza tu. Mtu akianza kuguna, pande zote mbili bunduki zinanyamaza."

Nilishika ubavu wa lori. Nilitaka kulia kwa faraja. Nilitaka kumwambia, unaona, unaona nilichokataa kukiua?

"Lakini hakuna aliyekwenda kumchukua, dada," Magesa alisema. "Bunduki zilinyamaza usiku kucha, na hakuna aliyekwenda."

Masatu alikuwa ameacha kufunga kamba, ananitazama. Nyuma yake machela zilikuwa zimekunja miguu, vitanda vimekunjwa, vichwa vimefunikwa kwa gunia. Sikio lao la chini lilikuwa zima. Kwa Nyigu lisingefaa kitu. Kwa nyasi lilifaa.

"Machela haichagui," nilimwambia Magesa. "Unaelewa? Ikimsikia wa kwao, itambeba wa kwao."

"Imbebe."

"Barabara ya kuja huko inapitia wapi?"

"Dada, huku raia hawaruhusiwi."

"Sijauliza ruhusa. Nimeuliza barabara."

Akaanza kunitajia vijiji, kimoja baada ya kingine, na Masatu akapanda kwenye lori akawasha injini.